Kalibu ya Celica ya Macho Manne

Mumbuni, Machakos
Jumamosi, saa kumi jioni

Mwaitu,

Umeenda Katelembo kumuaga susu yako, mama yangu mzazi, na mama yako yuko sokoni anakutafutia blanketi ambalo ulishamwambia hulihitaji. Nimebaki peke yangu hapa karakana. Sijaandika barua ndefu tangu nilipokuwa namchumbia mama yako, na hata ile aliirudisha akisema haieleweki, kwa hiyo nivumilie.

Mambo ya kula, ya kulala, ya kanisa na ya kutoongea na kila mtu kwenye stendi ya Nakuru, mama yako amekwambia tangu Jumatatu na kesho atakwambia tena. Sitayarudia. Mimi niko na jambo moja tu, nalo ni baya. Nimekaa nalo miaka sita.

Kesho asubuhi, kabla hujatoka, utasimama mbele yangu kama ilivyo desturi yetu, nikutemee mate kidogo kifuani na kukutakia njia njema, kama susu anavyokufanyia leo. Una jina lake, Mwende, ndiyo maana tangu uzaliwe nakuita Mwaitu, mama yangu. Sasa mtu atambarikije mama yake kwa mdomo uleule aliomdanganyia? Mama yangu alinifundisha kwamba mzazi aliyemkosea mtoto akanyamaza, baraka yake haivuki mto. Nataka usome hii kwanza. Halafu wewe ndiye utakayeamua kama nikubariki au nikae kando.

Nitaanza na gari, kwa sababu mimi bila gari sijui pa kuanzia.

Unaikumbuka Celica ya kwanza ya Mwalimu Nzioka? Ulikuwa na miaka saba hivi. Ilikuwa ya rangi ya machungwa iliyopauka, ya zile za mwanzo kabisa zilizotoka Japani kabla mimi sijaoa, milango miwili tu, pua ndefu na makalio mafupi. Mwalimu alikuwa anafundisha hesabu na hakuwa na mali ya ajabu, lakini alipenda kuipigapiga boneti na kusema, "Mutua, hii ndiyo gari ya spoti ya mtu wa mshahara. Wengine wanatengenezea matajiri. Wajapani wametukumbuka sisi." Kila alipopata picha ya Celica kwenye gazeti aliikata akaja kuibandika kwenye ukuta wangu, moja baada ya nyingine, kuanzia ya kwanza. Picha bado ziko, ingawa ile ya juu imeliwa na mchwa upande mmoja.

Vipuri vya bodi ya gari kama hilo, Machakos nzima hakuna aliyekuwa navyo. Hapo ndipo mimi nilipopatia jina. Babu yako alikuwa mchongaji kule Wamunyu, akichonga swala na vifaru wa watalii, na mimi nilianza kwake kabla sijahamia kwenye bati. Swala niliwaacha, lakini tezo nilikuja nayo. Mafundi wengine walinyoosha fenda, lile bati la juu ya gurudumu, kwa macho na kujaza fila palipobonyea. Mimi nilichonga kwanza kalibu, umbo la fenda lenyewe katika mti wa mukau, nikalaza bati juu yake, nikalipiga polepole kwa nyundo ya mbao mpaka likakubali.

Nilikuja pia na sheria ya wachongaji. Hii hujawahi kunisikia nikiieleza vizuri, na sasa utajua kwa nini. Kila mchongaji ana alama yake, na anaiweka chini ya kazi, mahali usipopaona mpaka uigeuze. Babu yako alikuwa na mikwaruzo miwili iliyokatana. Mimi niliongeza wa tatu. Kuchonga vibaya haikuwa aibu, kila mtu alianza hivyo. Lakini mtu akishikwa ameweka alama yake chini ya kazi ya mwenzake, alifungasha vifaa vyake siku hiyo hiyo. Nilimwona mmoja akiondoka hivyo nikiwa kijana. Hakuna aliyemtukana, watu waliendelea tu kuchonga wakitazama chini, na mimi nilijiambia mtu huyo ni mjinga wa kutupwa.

Mwalimu akauza ile ya machungwa, akanunua ya kizazi cha tatu, ile iliyonyooka kila mahali kama imechorwa na rula. Ndugu zake ndio waliokuwa wakishinda mbio za Safari ukiwa bado unabebwa mgongoni. Gari hilo ndilo lililoniharibu, Mwaitu. Mistari yake ilikuwa ya mkono wangu kabisa. Kalibu ya fenda yake niliimaliza kwa siku mbili. Mwalimu akaniita injinia mbele ya watu, nami nikaitika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi tembo langu nililitia maji kwa miaka kumi.

Kwa sababu Wajapani hawakungoja. Wakati mimi nimekaa na rula yangu, wao waliendelea. Ikaja ya nne, wakaviringisha kingo zote, na kibaya zaidi wakahamisha nguvu kutoka magurudumu ya nyuma kwenda ya mbele. Mwalimu alipoipata hiyo, nyeupe, ulikuwa na miaka kumi. Najua hukuisahau siku ya Katelembo, maana hata jana nilikusikia ukimchekesha mama yako nayo, mkanyamaza nilipoingia.

Tulikuwa tunaenda kwa susu, mvua ya Aprili imenyesha, na ule udongo mweusi ukaishika Celica mpaka tumboni. Mimi nikashuka kama daktari. Nikawaambia watu waliosimama walete mawe, wajaze buti, gari ipate uzito nyuma ikanyage. Ndivyo tulivyofanya siku zote na zile za zamani. Tukajaza mawe. Mwalimu akakanyaga moto. Pua ikainuka kama ya ng'ombe anayekunywa dawa, na matope yote ya magurudumu ya mbele yakatupata kifuani.

"Ongeza mawe!" nikasema.

Na wewe umesimama pale na gauni la kanisa, ukasema kwa sauti ndogo, "Baba, mbona ile inazunguka ni ya mbele?"

"Nyamaza. Watoto hawaongei mambo ya gari."

"Lakini ya nyuma imekaa tu, Baba. Angalia."

"Nimesema nyamaza!"

Tukaongeza mawe. Alikuwepo mzee mmoja na ng'ombe wake wawili, akaegemea fimbo yake mpaka akachoka kututazama. Akaniambia, "Aiya, fundi, si usikize huyu mtoto? Yeye ndiye ako na macho hapa." Watu wakacheka. Wakatoa mawe yote, wanaume wanne wakakalia boneti, na gari likatoka. Njia yote sikukuongelesha. Ulikuwa umeniokoa, nami nikakununia kana kwamba wewe ndiwe uliyenisukuma matopeni. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Ningekuwa na akili, ningekuona siku hiyo.

Ya tano tuliiona kwenye picha tu. Mviringo mtupu, kama sabuni iliyotumika. Nilimwambia Mwalimu hawa hawajamaliza kuichonga, naye akacheka, lakini moyoni niliogopa. Sikujua ningeanzia wapi kuichongea kalibu. Wewe ulikuwa unakaa kwenye ndoo chini ya picha zile baada ya shule, ukizifuata kwa kidole kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, ukasema, "Baba, ni gari moja tu. Inajifunza kukunja." Nilikwambia ukafue sare yako.

Kisha ikaja ya sita. Mwaka ule ulipomaliza kidato cha nne, Mwalimu aliingia hapa na Celica nyekundu, macho manne ya mviringo mbele, taa kubwa mbili na ndogo mbili, na hata wateja wangu wa lori wakaacha chai. Haikumaliza miezi miwili. Punda wa maji alikatiza barabara hapa Mumbuni, na baada ya kugongana punda alisimama, akajikung'uta, akaenda zake. Gari ndilo lililobaki. Fenda ya kulia na mahali pote panaposhika macho ya upande ule palikuwa pamekunjamana.

Nilichonga kalibu ya kwanza, bati likafanya mikunjo kuzunguka jicho. Nikachonga ya pili, jicho likawa yai. Ya tatu niliipasua kwa shoka kwa hasira, ukiwa mlangoni unatazama. Mwalimu alikuwa anapita kila jioni akitoka shule. "Injinia, imefika wapi?" Nikamwambia mbao ni mbichi. Mbao haikuwa mbichi. Mkono wangu ulikuwa wa rula, na gari lilishaacha rula miaka mingi.

Wewe hukuniuliza. Ulichukua masizi ya jiko la mama yako ukayapaka kwenye fenda nzima ya kushoto. Ukalaza leso yake kuukuu juu yake, ukaibana kwa pini kila ilipojikunja, kama mshonaji anayempima bi harusi. Ukaiondoa ikiwa imeshika umbo, ukaigeuza ndani nje, ukapata ya kulia. Uliniambia, "Baba, bati ni nguo tu. Pale inakataa, unaipunguza." Nilikupa mgongo nikajifanya natafuta spana. Nakumbuka mpaka leo nilivyoishika ile spana, sikuwa na kazi nayo. Kwa siku nane ulichonga kipande cha mukau hapo pembeni, ukipima kwa leso, ukifumba macho na kupapasa kwa kiganja. Ulipomaliza, mimi nililaza bati, nikalipiga, na likakaa bila mkunjo mmoja. Jicho lilitoka duara kama sahani.

Ukaigeuza kalibu na kuweka alama yako chini, nukta tatu za msumari. Sikuwa nimekufundisha. Ulikuwa umeona mikwaruzo yangu kwenye kalibu za zamani ukajua maana yake mwenyewe.

Mwalimu alipokuja kuchukua gari alizunguka upande ule mara mbili, akapitisha mkono, akashindwa kuona pa kuanzia na pa kuishia. "Mutua! Mkono wako umerudi!" Na mimi nikasema, "Mkono wa mchongaji hauzeeki, Mwalimu." Ulikuwa unafagia maranda ya mbao hatua tatu kutoka kwetu. Hukuinua kichwa. Ufagio ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Hayo unayajua. Uliyanyamazia, na mimi nikajiambia umesahau. Sasa nakuambia usiyoyajua.

Mwalimu aliipeleka Celica Nairobi, na huko ikaonwa na mwenye karakana moja kubwa ya bodi, Bwana Makau, Mkamba mwenzetu, mtoto wa wachongaji. Hakuamini fenda ile ilipigwa Machakos. Mwalimu akaja kuniambia, akiwa na furaha kuliko mimi, kwamba Makau anakuja Alhamisi kuiona kalibu yenyewe, na kwamba anatafuta mtu wa kumchukua na kumfundisha miaka mitatu, kuchora bodi, kukata kalibu, kazi yote, na mahali pa kulala.

Nilijua anamtafuta nani. Usifikiri nilichanganyikiwa. Nilijua saa ileile, na kitu kilichoniingia kifuani hakikuwa furaha. Kilikuwa wivu, Mwaitu. Nimelitafuta jina lingine miaka sita na halipo. Nilimwonea wivu mtoto wangu mwenyewe.

Jumatano nilichukua randa nikaondoa nukta zako tatu. Nikakwaruza alama yangu palepale. Alhamisi asubuhi nikakutuma Katelembo na kilo mbili za sukari ambazo susu hakuwa ameziomba. Ulipoondoka ulinipungia mkono.

Makau alikuja, akaisalimia karakana kama mtu anayeingia kanisani. Hakuliangalia umbo kwanza. Aliigeuza kalibu, kama nilivyojua atafanya, akatazama chini.

"Hii ni alama ya nani?"

"Ni yangu," nikasema.

Alinitazama. "Wewe ndiye ulichonga?"

"Ni mimi."

"Basi kuja Nairobi wiki ijayo, mzee. Nikupatie kakazi kamoja ka kujaribu."

Niliwaambia naenda kumwona ndugu yangu mgonjwa. Ndugu yangu alikuwa mzima kuliko mimi. Nilikaa Nairobi siku sita. Makau alinipa fenda nzima ya upande mmoja na kipande cha mti, akasema nimtolee ya upande wa pili. Nilijua kuna leso. Nilijua kuna masizi. Lakini jinsi ulivyoibana, wapi ulipunguza, namna ulivyoigeuza, sikujua, kwa sababu wakati ule nilikuwa nimekupa mgongo natafuta spana. Siku ya sita nilimwonyesha kitu ambacho hata mimi nilikionea haya. Vijana wake walitazama chini wakaendelea na kazi. Nikamkumbuka yule mtu wa Wamunyu.

Makau hakunifukuza kwa ubaya. Alinipa chai. Akaniambia, "Mzee, mwenye alichonga ile kitu bado ako Machakos. Sitaki kujua zaidi. Ukirudi, mwambie nafasi yake iko. Nitamngoja mpaka mwaka uishe."

Hilo ndilo jambo langu. Mpaka mwaka uishe. Ilikuwa mwezi wa tatu.

Miezi tisa, Mwaitu. Kila asubuhi uliniletea uji hapa, na kila asubuhi ningeweza kusema. Nilisubiri siku nzuri. Mwezi wa sita nikasema nitakwambia baada ya mavuno. Mwezi wa kumi nikasema Makau ameshapata mwingine. Krismasi ulinishonea shati, lile la bluu, kola yake ilikaa shingoni kama nilizaliwa nayo, na watu kanisani wakauliza limetoka duka gani. Nilikaa kwenye benchi nikihesabu siku sita zilizobaki. Zikaisha. Mwaka mpya ulipoingia nilisikia nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayonitia aibu kuliko yote.

Kuna jambo jingine, na hili linamhusu mama yako. Ulipoitafuta kalibu yako uliniuliza iko wapi. Nikakwambia mama yako aliichoma kwa kupikia githeri, hakujua ni nini. Ulikaa siku tatu ukimjibu kwa mkato, na yeye akaniuliza, "Mwende ananikasirikia nini?" Nikamwambia wasichana wa umri huo ndivyo walivyo. Mama yako hakuichoma. Ilikuwa juu ya dari ya karakana, imefungwa kwa gunia, na nilipanda kuiangalia mara mbili. Naye nitamwambia akirudi na blanketi lake. Najua usiku wangu utakuwaje.

Kisha nikakupeleka kushona. Nilisema karakana si mahali pa msichana, nikasema ni kwa heshima yako. Miaka sita umekaa kwenye kile kibanda karibu na soko ukishona sare za shule, kola ileile, mfuko uleule. Nilipita pale nikakuona ukikunja uso juu ya mkono wa sweta, ukiupunguza pale ulipokataa, na nikapita upande wa pili wa barabara. Ukafikiri sikukuona. Nilikuona kila mara.

Na sasa umepata Nakuru mwenyewe. Hukunisubiri. Umeandika barua yako, umechora michoro yako, karakana ya kuunda mabasi imekujibu. Juzi ukaja hapa na karatasi ukasema, "Baba, wanataka barua ya fundi alinifundisha. Andika tu ulinifundisha." Ulisema kwa upole kama unayeniomba kisu cha kukata mkate. Nilisema nitaandika, kisha nikaenda nyuma ya lori la Musyoka nikalia mpaka pua ikaziba.

Nimeiandika, iko ndani ya bahasha ya pili, haijafungwa, uisome kabla ya wao. Imesema hivi: Mimi Mutua, fundi wa bodi, sikumfundisha Mwende kuchonga. Nilimkataza. Kalibu anayowaletea aliichonga peke yake akiwa na miaka kumi na saba, na mimi niliyekuwa fundi kwa miaka ishirini nilishindwa kuirudia. Imeishia hapo. Kama wanataka barua nyingine, iliyo nzuri zaidi, mwambie Mwalimu Nzioka. Amestaafu, lakini bado ana mwandiko mzuri, na nimeshaenda kwake leo asubuhi kumweleza ukweli. Alinifungulia geti nitoke.

Sina mengi ya kukushauri, na hata ningekuwa nayo, nani angenisikiliza? Niliyojifunza ni kidogo na nimeyajua kuchelewa. Huko utakutana na mafundi kama mimi. Utawajua kwa haraka ya kusema "ni mimi". Mtu aliyeifanya kazi kweli huwa anaiangalia kazi kwanza, anaanza kukuonyesha pale alipokosea. Wala usidhani watu wabaya ndio wanaofanya haya. Mimi nilikuwa nakupenda siku ile ya randa. Nilikuwa nimekuwekea nyama ya mchana, imefunikwa, urudi ule.

Na itakuja siku utakapokuwa mzee wa kazi, halafu mtoto mmoja atakuja kupunguza bati pale wewe umeshindwa. Utasikia kitu hapa kifuani. Usishangae kikija. Mimi nilishangaa, na wakati nashangaa kikanipita nguvu.

Mwalimu aliniambia mwezi uliopita, kabla hajanijua, kwamba Wajapani wameacha kuitengeneza Celica. Ilifika ya saba, ile yenye makali kama kisu, ndiyo ya mwisho. Alikuja na picha yake tukaibandika. Nilisimama ukutani leo nikazipitia zote kwa kidole kama ulivyokuwa ukifanya, kutoka ya machungwa mpaka ile. Ulisema ni gari moja tu linalojifunza kukunja. Ni kweli. Mimi niliishia ya tatu.

Sasa kuhusu kalibu. Nimeishusha kutoka darini. Vumbi nimelifuta, mchwa hawakuigusa, mukau ni mukau. Alama yangu nimeiondoa kwa randa leo mchana. Ukiiweka mezani utaona inacheza kidogo, haikai sawa kama ulivyoiacha, kwa sababu imerandwa mara mbili, na mara zote mbili ni mimi. Hilo sina namna ya kulirekebisha. Ni yako, uende nayo Nakuru, vyovyote utakavyonifikiria. Nimewaandikia kwamba utakuja nayo.

Nukta zako sikuzirudisha. Nilishika msumari, nikauweka chini. Nilishaandika mara moja mahali pako pa kuandika.

Nimeiweka juu ya sanduku lako, chini juu, na msumari pembeni, na barua hii chini yake. Kesho kabla ya kukuangalia usoni nitaiangalia hiyo kwanza. Nikikuta nukta tatu, nitajua nimeruhusiwa kufungua mdomo nikubariki. Nikikuta pako wazi, nitakubebea sanduku mpaka stendi, nitanyamaza njia yote, na sitakuuliza.

Mutua, baba yako